Ndugu wa Mgonjwa Yuko Wapi?

Saa nane usiku nesi alikuja kwenye kitanda cha shangazi yangu na sindano, pamba na kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Akatoa damu, akaandika jina kwenye kibandiko, kisha akauliza swali ambalo kila aliyewahi kuuguza mtu hospitalini katika nchi hii analijua: "Ndugu wa mgonjwa yuko wapi?"

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, hatua mbili kutoka aliposimama.

"Kaka, peleka hii maabara. Fanya haraka."

Hospitali yenyewe sitaitaja, maana ingeweza kuwa yoyote. Ilikuwa Dar es Salaam. Tulimpeleka shangazi huko kutoka nyumbani Dunda, Bagamoyo, siku mbili kabla, homa ikiwa imegoma kushuka. Nilitoka na kichupa mkononi, kingali na joto la mwili wake. Nikapita korido ndefu, nikashuka ngazi, nikavuka uwanja, nikamwuliza mlinzi, nikaelekezwa jengo la pili baada ya mwembe. Huko nikakuta madirisha matatu. Moja lilikuwa na taa lakini halikuwa na mtu. Nikagonga, nikapiga hodi, nikasubiri. Kwenye ukingo wa dirisha palikuwa na trei yenye karatasi. Nikaweka kichupa na fomu yake juu ya trei ile, nikarudi wodini nikijiona nimetimiza wajibu.

Lilikuwa dirisha la malipo. Asubuhi kichupa kilikutwa pale pale, na damu haikufaa tena kupimwa.

Hilo lilikuwa kosa langu. La pili halikuwa la mtu mmoja. Wakati mimi natangatanga na kichupa, nesi, aliyekuwa peke yake zamu ile, alikwenda stoo kuchukua dripu. Kitanda cha tatu kutoka kwa shangazi alilala bibi mmoja asiye na mtu wa kumuuguza. Alitaka kwenda msalani. Akatazama huku na huku, hakuona wa kumshika mkono, akajaribu mwenyewe. Niliporudi nilimkuta sakafuni. Nesi alitokea nyuma yangu akikimbia, chupa za dripu amezikumbatia kifuani. Tulimwinua pamoja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika.

Nimezifikiria sana dakika zile. Ndugu wengine walikuwa wamelala nje kwenye baraza. Ndani ya wodi, watu waliokuwa macho na wenye nguvu ya kumshika mwenzao tulikuwa wawili tu, nesi na mimi. Sote wawili hatukuwapo, kwa sababu sote wawili tulikuwa tunabeba vitu.

Tangu hapo, nikisoma habari za roboti zinazosambaza dawa na vifaa ndani ya hospitali, sizisomi kama habari za dunia ya wengine. Nazisoma kama mtu anayesoma maelezo ya kazi aliyowahi kuifanya, akaifanya vibaya.

Kazi hiyo mashine zimeianza zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani Joseph Engelberger, mmoja wa waasisi wa roboti za viwandani, aliipeleka roboti yake iitwayo HelpMate katika hospitali ya Danbury, jimbo la Connecticut, ikawa inabeba vitu kutoka idara hadi idara. Mwaka 2015, hospitali mpya ya Chuo Kikuu cha California huko Mission Bay, San Francisco, ilifunguliwa ikiwa na roboti 25 za aina ya TUG. Ukiiona, TUG si kitu cha kutisha. Ni kama kabati fupi lenye magurudumu. Ramani ya jengo imo ndani yake. Leza na vitambuzi vingine huiambia kilicho mbele, na mtu akikatiza, inasimama. Lifti inaiita yenyewe bila kubonyeza kitufe. Dawa hukaa kwenye droo iliyofungwa, na hufunguliwa na mwenye ruhusa tu.

Kichupa changu kingefika. Kingefika, na ingejulikana kimefika saa ngapi na nani amekipokea.

Jirani zetu hawakungoja. Mei 2020, katikati ya janga la korona, Rwanda ilipokea roboti tano kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Walizipa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Ikizere maana yake ni tumaini, na Urumuri ni nuru. Katika kituo cha matibabu cha Kanyinya, Kigali, zilitumika kupima joto la mwili na kupeleka vitu kwenye vyumba vya wagonjwa, ili wauguzi wasilazimike kuingia kila mara na kujiweka hatarini. Hapa Tanzania tulijaribu angani: mwaka 2018, ndege ndogo zisizo na rubani zilipeleka dawa kwa majaribio kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilomita 60, kwa muda wa dakika 40 hivi. Lakini ndege ile hutua nje. Kutoka hapo hadi kitandani kwa mgonjwa, mbebaji ni nesi, au ni mimi na wewe.

Sisi wa Bagamoyo si wageni wa sayansi mpya. Chanjo za malaria za RTS,S na R21 zote zilifanyiwa majaribio hapa kwetu pia, kabla dunia haijazipokea, na ni wazazi wa huku waliokubali watoto wao washiriki. Kwa hiyo sidhani kama swali letu ni la woga wa mashine. Pingamizi ninalolisikia zaidi vijiweni ni lingine: mashine haina utu. Hospitali ni mahali pa huruma, wanasema, na huruma haiwekwi betri.

Pingamizi hilo nililiamini hadi usiku ule. Chupa ya dripu ya lita moja ina uzito wa kilo moja, awe anayeibeba anakupenda au hakupendi. Nesi yule alikuwa na huruma tele, niliiona siku zilizofuata, lakini saa ile huruma yake ilikuwa stoo, inahesabu chupa na kutia saini daftari. Kubeba hakukumwongezea utu wake. Kulimwondoa mahali ambapo utu wake ulihitajika.

Tuna methali inayosema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunaitamka kama sifa, na kwa sehemu ni sifa kweli. Lakini isikilize tena. Ni methali ya mtu ambaye habebi. Ameutazama mzigo, akatafuta wa kumtwisha, kisha akaridhika kwamba yule aliumbiwa kazi hiyo. Hospitalini methali hii ipo, imebadilishwa jina tu: mpe nesi, mpe mhudumu, mpe ndugu wa mgonjwa.

Nimekulia kwenye mji uliojengwa na wabeba mizigo, na labda ndiyo sababu jambo hili haliniachi. Kutoka kwetu hadi Mji Mkongwe ni mwendo wa miguu, na jengo la Karavan Serai bado lipo. Katika karne ya 19 wapagazi walifika hapa kutoka bara, wengi wao Wanyamwezi, baada ya kutembea miezi kadhaa. Njia ya Ujiji ilizidi kilomita 1,000. Mzigo wa kawaida ulikaribia kilo 30, na pembe za ndovu zilizidi hapo. Katika misafara ile ile walikuwamo watu waliofungwa minyororo, na jina la mji wetu husimuliwa kwa namna mbili: mahali pa kuubwaga moyo kwa raha ya kufika, au kwa uchungu wa kuvuka bahari bila kurudi. Ila wapagazi wengi walikuwa watu huru wa mshahara. Walijadiliana posho, walijua thamani ya mabega yao, na wasipotendewa haki walishusha mizigo njiani wakagoma.

Kisha ikaja mashine ya kubeba. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mabehewa machache yalibeba kilichokuwa kikibebwa na mamia ya watu, na Bagamoyo ikapoa. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema reli ilikuwa kosa kwa sababu tu iliwapokonya watu mzigo wa kilo 30. Mgongo ni mgongo. Lakini jiulize: zile saa zilizookolewa, mamilioni ya saa za kutembea, zilikwenda kwa nani? Hazikurudi kwa mpagazi akakaa na wanawe. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuwekwa tangu 1898, na fedha ya kuilipa ilipaswa kutoka mahali. Wanyamwezi wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Mabega yalipumzishwa, mikono ikapewa panga la kukata majani ya mkonge. Tena kule hapakuwa na njia ndefu ya kushushia mzigo na kujadiliana.

Neno roboti lenyewe linajua habari hizi. Liliingia duniani kwa tamthilia ya Mcheki Karel Čapek ya mwaka 1920, na limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Tunapoota roboti tunaota mtu wa shokoa ambaye hatutamwonea aibu. Sioni ubaya katika ndoto hiyo. Kama kuna kitu kinachoweza kubebeshwa bila kuumia, kibebeshwe. Ubaya unaweza kuingia baada ya hapo.

Shangazi alipona. Amerudi kwenye vitumbua vyake, na asubuhi moja nikiwa nakunywa chai kwenye benchi lake nilimweleza habari za roboti hizi. Alisikiliza huku akigeuza vitumbua. Mwishowe akaniuliza, "Sasa hiyo mashine ikishaleta dawa, yule nesi anakwenda wapi?"

Sijasoma swali zuri kuliko hilo katika maandishi yote ya maadili ya teknolojia. Yule nesi anakwenda wapi? Jibu la kwanza: anakaa wodini. Anamwona bibi akishusha miguu kitandani, anamwahi. Jibu la pili: anaondolewa. Mwenye bajeti anatazama wodi, anaona roboti inabeba, anahesabu kwamba palipohitajika wauguzi wawili sasa atatosha mmoja, na yule mmoja anabaki peke yake kama usiku ule, tofauti ikiwa tu kwamba stoo haendi tena na badala yake amepewa wodi ya pili kuiangalia. Mashine ni ile ile katika majibu yote mawili. Leza zake ni zile zile. Tofauti ya haki na dhuluma haimo ndani ya kabati lenye magurudumu, imo katika saa lililookolewa na jina lililoandikwa juu yake.

Mimi nasema saa lile ni la mgonjwa. Limetoka kwake. Ni muda ambao nesi aliuondoa kitandani kwake kwenda kuchukua chupa. Anayeuchukua na kuupeleka kwingine, hata kama ni kwenye hesabu nzuri za kupunguza gharama, amechukua mali ya mtu aliyelala na asiyeweza kuamka kudai.

Najua nitajibiwa kwamba fedha ni chache, na kwamba fedha iliyookolewa kwenye mshahara inaweza kununua dawa. Ni hoja ya kweli. Roboti haibebi dawa ambayo haipo stoo, na nimeona ndugu wa wagonjwa wakitumwa nje kununua glavu. Nchi yenye mahitaji hayo ina haki ya kuuliza kama roboti ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Huenda kwa miaka mingi jibu likawa hapana, toroli zuri na mhudumu mmoja wa ziada vinatosha. Lakini hoja hiyo inahusu lini tununue. Haigusi saa ni la nani.

Kuna upande mwingine wa swali la shangazi. Akibaki nesi, ndugu wa mgonjwa anakwenda wapi?

Kwa haki kabisa, mfumo wa kumtegemea ndugu unamdhulumu asiye na ndugu. Mimi nilikuwa roboti ya shangazi: natembea mwenyewe, natafuta njia mwenyewe, silipwi, na napotea. Bibi wa kitanda cha tatu hakuwa na roboti. Swali "ndugu wa mgonjwa yuko wapi?" lilipomfikia, lilikuwa halina pa kutua, na vipimo vyake vilingoja hadi mtu apatikane. Mashine isingemwuliza ukoo wake. Ingempelekea dawa kama ilivyompelekea shangazi, kwa mwendo ule ule. Katika hilo, kitu kisicho na utu kingetenda kwa utu kuliko sisi.

Lakini sisi tulikuwa mle wodini kwa sababu tulihitajika kubeba. Ndiyo tiketi yetu ya kuingia nje ya saa za kutazama wagonjwa. Na baada ya bibi kuanguka, watu wale wale waliotumwa huku na huko ndio walioanza kumgawia uji. Mama wa kitanda cha pembeni alimchana nywele. Mtoto wa mtu alimshika mkono wenye plasta akimpeleka msalani. Hakuna aliyepanga. Tulikuwapo tu, tukaona. Siku mzigo ukiisha, mlinzi wa getini anaweza kusema kwamba ndugu hawana kazi tena ndani, warudi saa kumi jioni. Tutakuwa tumepumzishwa kubeba, tukapumzishwa na kuona.

Na kuna jambo moja ambalo sina hakika lina uzito gani, ila nitaliweka hapa. Asubuhi ile ilipobidi shangazi achomwe tena, nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba radhi. Akanyoosha mkono mwingine kwa nesi, akaniambia, "Mwanangu, damu ninayo. Wewe tu usinipoteze mimi." Roboti isingefanya kosa langu. Lakini roboti ikikosea, maana nazo hukwama na hupotea, nani atapiga magoti? Atatafutwa fundi, itaangaliwa programu, kila mmoja ataonyesha kwamba sehemu yake ilikuwa sawa.

Februari 1874, mwili wa David Livingstone uliletwa hapa Bagamoyo, kwenye misheni ya Roho Mtakatifu, na watu aliokuwa akisafiri nao, akina Chuma na Susi. Alikuwa amefia katika nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873. Aliyekuwa akiwapa amri alikuwa amekufa. Njiani, karibu na Tabora, Mwingereza mwenye cheo, Cameron, aliwashauri wamzike huko huko. Wakakataa, wakaendelea kubeba hadi pwani. Unaweza kumpenda au kutompenda Livingstone, mimi simzungumzii yeye. Nawazungumzia wapagazi walioamua wenyewe kwamba mzigo ule ni dhamana yao, wakambishia mkubwa. Kubeba ni kazi ya mabega, na mashine yaweza kuichukua. Dhamana lazima iwe na mtu, mwenye jina, anayeweza kuulizwa na anayeweza kukataa. Kila roboti itakayoingia wodini iingie na mtu wa namna hiyo ubavuni mwake, na mtu huyo asiwe yule nesi wa zamu ya usiku aliyeachwa peke yake.

Siku tuliyoruhusiwa kutoka, nilibeba ndoo, mkeka na chupa ya chai. Nilipita kumuaga bibi. Alikuwa amekaa kitandani, mkono wenye plasta juu ya mto.

"Mnaondoka?" akaniuliza.

"Ndiyo, bibi. Tunamshukuru Mungu."

"Na kesho nani atanishika mkono?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nesi yupo. Nikageuka kumwonyesha. Nesi alikuwa amekwenda stoo.